Fungate Lushoto na Marangu: mtakula wapi?

SWALI: Mimi ni kijana wa Tabata, Dar es Salaam. Nafunga ndoa Jumamosi moja ya Agosti, na Jumatatu yake tunaondoka kwa gari dogo: siku tatu tulale Lushoto, siku mbili Marangu, Jumamosi turudi. Sote ni Waislamu. Mwenzangu ana vidonda vya tumbo. Nimekusanya kwenye simu majina ya migahawa kumi na moja kwa kuangalia picha na nyota zake. Nataka kila usiku tule mahali tofauti, tena kwa kumshtukiza. Chakula peke yake nimekitengea laki sita. Ipi niichukue, ipi niiache?

JIBU: Bwana harusi, hongera. Orodha yako nimeipitia jina kwa jina, na nakuomba ufute migahawa saba. Si kwamba ni mibaya. Miwili kati yake nimekula mwenyewe nikaongeza sahani. Naifuta kwa sababu umeipanga kwa chakula cha usiku, na yote iko mbali na mnapolala.

Nilipika kwenye hoteli za Lushoto miaka tisa kabla sijaanza kuwapangia watu safari. Ninachokwambia kwanza, na mengine yote yanatoka hapo, ni hiki: mlimani, cha jioni mle palepale mnapolala, na matembezi ya kwenda kula yawe ya mchana. Maana yake swali la "tule wapi usiku" unalijibu siku unapolipia chumba. Dar unaweza kulala Sinza ukala Masaki ukarudi na bajaji saa sita usiku. Lushoto hufanyi hivyo, na hata ukifanya hutafurahi.

Fikiria ilivyo. Agosti ni mwezi wa baridi kule. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na nyingi ya zile sehemu ulizopenda picha zake ziko juu zaidi, kwenye kingo za milima. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu. Bibi harusi amevaa gauni jepesi la Kariakoo alilolinunua kwa ajili ya picha. Ukungu umeshuka barabarani, taa za gari zinapiga ukuta mweupe, upande mmoja mlima na upande wa pili korongo, na wewe unakwenda mwendo wa kinyonga kufuata wali kuku. Mnafika. Ile mandhari iliyokuvuta haipo, kwa sababu ni usiku. Umelipia giza, na meza ya nje inapigwa na upepo.

Meza nzuri ya usiku Lushoto ni iliyo karibu na moto. Baadhi ya majengo ya zamani yana mahali pa kuotea moto wa kuni ukumbini, mtindo ulioletwa na Wajerumani waliouita mji huu Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao na kupanda huku kukimbia joto la pwani. Kabla hujalipia chumba, uliza swali la kijinga kidogo: moto mnawasha kila jioni, au mpaka mgeni aombe? Wakisema mpaka aombe, omba siku hiyohiyo ya simu, na ukifika ukumbushie. Kuni mbichi zinajaza moshi, na moshi haujawahi kumpendeza bibi harusi yeyote.

Nikupe na la kwangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilimpeleka mama watoto sehemu moja huko huko milimani, jina nitaliacha. Tulifika saa moja na nusu usiku, tukaagiza kuku wa kienyeji. Mhudumu akaandika, akatabasamu, akaenda. Haikupita dakika kumi nikasikia kuku analia nyuma ya jiko. Nikajua ndiye. Na mimi ni mpishi, nilijua tangu pale kwamba mpaka achinjwe, anyonyolewe, achemke alainike, tutakula saa nne. Tulikula saa nne na robo. Mama watoto hajaisahau, na kila mwaka watoto wanaisikia upya.

Kosa halikuwa la jiko lile. Jiko dogo la mlimani haliwezi kuweka kuku watano tayari likisubiri watu wasiojulikana kama watakuja. Kosa lilikuwa langu, niliyejua nikaenda bila kupiga simu. Na ziko sababu za kimaumbile pia. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka yakiwa na joto dogo zaidi: kwenye mwinuko wa Lushoto yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Zinasikika chache hizo tano, lakini maharage na nyama ngumu vinazihisi. Maharage yaliyoinjikwa saa tano asubuhi usitegemee kuyala saa saba mchana, isipokuwa jiko lina sufuria ya presha au mpishi aliyaloweka jana yake.

Kwa hiyo usichague mgahawa kwa picha. Uchague kwa simu, na simu hiyo ina namna yake ya kupigwa.

Piga saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, jiko likiwa limetulia. Ukipokelewa na wa mapokezi, msalimie vizuri kisha sema, "Naomba nizungumze na mpishi." Wengine watashangaa. Mahali ambapo mpishi anaitwa na anakuja kweli kwenye simu, nusu ya kazi umeshamaliza. Usimuulize "mnauza nini," kwa sababu atakusomea menyu yote. Muulize, "Jana usiku mlipika nini?" Anayepika kila siku anajibu papo hapo: tulitoa supu ya maboga, samaki, wali, mchicha. Asiyepika anaanza kukwambia mnachotaka kitapatikana. Sehemu yenye vyumba sita na menyu ya vyakula arobaini, kuanzia piza mpaka tambi za Kichina, jua kwamba vingi kati ya hivyo viko kwenye friza, na umeme wa milimani unajulikana.

Kisha muulize kuku wa kienyeji anachukua muda gani. Swali hili nalipenda kuliko yote. Mpishi mkweli atakwambia, "Kaka, nipigie mapema, nahitaji saa mbili." Akikwambia dakika ishirini, ama ni kuku wa kisasa, ama alichemshwa jana. Sisemi kuku wa kisasa ni dhambi. Nasema usilipe bei ya kienyeji.

La tatu, jiko linafungwa saa ngapi. Wapishi wengi wanarudi nyumbani kwa miguu au kwa bodaboda, na hawataki kuteremka mlima saa tano usiku. Ukiambiwa saa tatu, ujue oda ya mwisho ni saa mbili, na oda nzuri ni ile uliyoiacha asubuhi mkienda kutembea. Asubuhi, mnapokunywa chai, agiza cha usiku na utaje saa ya kukaa mezani. Saa moja kamili inafaa.

Kuhusu halali, Lushoto hutapata shida, Waislamu ni wengi na wachinjaji ni wao. Bado uliza nani anachinja, bila haya, ni swali la kawaida huku. Marangu na Moshi ongeza swali la pili: mnapika kitimoto? Kama wanapika, je, ni jiko moja na mafuta ni yaleyale ya chipsi? Sehemu nyingi hutenganisha, na atakayejibu kwa kukasirika amekurahisishia uamuzi.

Sasa la mwenzako, ambalo wewe umelitaja kwa mstari mmoja na mimi naona ndilo kubwa. Mimi si daktari. Alichokatazwa na daktari wake, aandike yeye mwenyewe kwenye karatasi, na karatasi hiyo msomee mpishi kwenye simu: pilipili, ndimu, nyanya nyingi, chochote kile. Ila kwa uzoefu wa meza, kinachowatesa wenye vidonda vya tumbo safarini ni kusubiri. Mtu amezoea kula saa saba, mnafika mgahawani saa saba, sahani inakuja saa tisa. Hapo ndipo fungate inapogeuka safari ya kutafuta duka la dawa. Beba ndizi mbivu na mkate kwenye gari, siku zote, hata kama mnakwenda mahali pazuri kiasi gani. Na ndiyo maana sikubaliani na wewe kwenye kumshtukiza. Mshtukize kwa pete, kwa shuka, kwa safari yenyewe. Mtu mwenye tumbo la kulinda hashtukizwi kwa chakula. Mwonyeshe ratiba, achague naye, halafu ujibakizie mlo mmoja tu wa siri. Huo nitakupa.

Tuingie barabarani. Jumatatu mtoke Dar alfajiri, mtafika Mombo mchana wa kula. Pale mabasi yanasimama, na hilo ni jema: chakula kinachouzwa haraka hakilali. Angalia abiria wa basi wanapokimbilia, siyo kule ambako spika ni kubwa. Lakini msishibe. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona tupu, barabara nyembamba ya lami iliyobanwa kati ya mlima na mto, na tumbo lililojaa wali wa nazi halipendi kona. Kuleni kidogo, pandeni polepole, Soni msimame muone maporomoko na mnunue matunda. Kwa Agosti msitegemee plamsi wala fyulisi, hayo ni ya mwisho wa mwaka kuingia Januari. Juu ya Soni kuna Sakharani, misheni ya Wabenediktini. Wanajulikana kwa mvinyo wao, ambao hauwahusu, lakini wanalima pia njugu za makadamia, na ukizipata ni kitu cha kutafuna mbele ya moto jioni.

Usiku huo wa kwanza usipange chochote. Nimewapokea maharusi wengi, na siku mbili baada ya sherehe watu wanataka kulala. Supu ya moto, mkate, chai, basi. Mwambie mpishi supu isiwe na pilipili na iwe tayari mkifika. Wa kwanza kwenye orodha yako, ule ulio ndani ya hoteli mtakayolipia, uache uwe hapo. Ndio mgahawa wenu wa usiku kwa siku zote tatu, na siku ya pili mpishi atakuwa ameshamjua mkeo kwa jina la chakula chake.

Jumanne asubuhi msile hotelini. Najua kifungua kinywa kimo kwenye bei ya chumba. Kileni Jumatano. Jumanne shukeni sokoni Lushoto mapema, wakati wakulima wanateremsha mizigo ya karoti, kabichi na hoho zinazokwenda Kariakoo, ile mboga mnayoinunua Tabata ikiwa imeshachoka. Pembeni kuna mama ntilie wanaochoma chapati. Chagua mama mwenye foleni ya wapakizi wa mizigo. Simama karibu uone: mikono inafungua donge, mafuta kidogo, inakunja, inageuza kwa vidole bila mwiko, na chapati inatoka imechanika tabaka tabaka. Kwa chai ya maziwa na chapati mbili mtakuwa mmetumia hela ndogo kuliko maji ya chupa ya hotelini. Mtu ataniambia fungate si mahali pa mama ntilie. Mimi nimeona maharusi wakisahau chakula cha hotelini cha elfu arobaini na kukumbuka benchi la sokoni.

Jumanne hiyohiyo mchana pandeni Irente. Huu ndio mlo wa siri niliokuahidi, na ndio wa pili kati ya ile minne niliyokuachia.

Irente ni kilomita kama tano au sita kutoka mjini. Kabla hujafika kwenye ukingo wenyewe kuna shamba la Irente, la kanisa la Kilutheri, ambalo limejijengea jina kwa jibini, mkate wa ngano nyeusi, jemu na juisi wanazotengeneza wenyewe. Chakula chao cha mchana ni baridi: mkate, jibini laini, mboga za shambani, jemu. Hakuna kukaanga, hakuna pilipili, na hakuna kusubiri kama umeagiza jana yake. Kwa tumbo la mkeo sijui mlo mwingine wa milimani ulio salama namna hiyo, ila maziwa na jibini muulize kama anavivumilia. Waambie mapema ni fungate, waombe wakufungie kwenye kikapu. Kisha mtembee mpaka ukingoni.

Pale ardhi inakatika. Mmekaa juu ya mwamba, na chini kabisa, kama mita elfu moja, mnaona Mazinde, mistari ya mashamba ya mkonge, na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Barabara kuu inaonekana kama uzi, na magari juu yake kama chawa. Fikeni saa sita, mle, mkae, msiteremke kwa haraka. Ila msikae ukingoni kabisa mkipiga picha, na kikapu kishikilieni, upepo wa pale unabeba mpaka mkate.

Kama unataka kunogesha, kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, asili yake ni misitu ya milima hii na jirani zake. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ulaya mwaka 1892, likaitwa Saintpaulia, na leo linakaa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Omba hotelini wakutafutie la chunguni, liwekwe mezani jioni. La msituni usichume.

Jumatano ni ya msitu wa Magamba, na chakula ni cha kufungiwa na hoteli. Mtu akikushawishi kwenda Mtae siku hiyo, mandhari yake inastahili, lakini ni siku nzima ya barabara mbovu na jiko la uhakika usilitarajie. Kwa mkeo, hapana.

Alhamisi mnateremka Mombo, mnashika kulia kuelekea Same. Hapo ndipo nchi ya Wapare, wenye makande yao. Mahindi na maharage vilivyoiva pamoja mpaka vikakubaliana, nazi ikiwepo ni heri. Wewe kula. Mkeo ajue tumbo lake, kunde na mahindi vinaweza kumjaza gesi, amwombe mama wali na mchuzi mwepesi. Tangawizi ya milima ya Same ni kali, na wauza chai wanaijua vizuri. Chai hiyo usimwagizie bila kumuuliza. Himo mtakata kulia kupanda Marangu, hamna haja ya kufika Moshi kwanza.

Kuhusu Marangu, nyota za mtandaoni zisome kwa jicho moja. Wengi wanaoziandika ni wageni walioshuka Kilimanjaro baada ya siku tano au sita za uji na supu ya kambini. Mtu wa namna hiyo ukimpa chipsi baridi atakupa nyota tano na kulia machozi. Wewe hujapanda mlima, una njaa ya kawaida, kwa hiyo utaona kasoro ambazo yeye hakuziona.

Cha kufuata Marangu ni ndizi. Mtori kwanza: mishare iliyochemshwa na nyama ya ng'ombe, ikapondwa mpaka ikawa supu nzito laini. Kwa tumbo linalouma ni rafiki, tena unaliwa wa moto, na Agosti mtauhitaji. Ila nikuonye, kwa Wachagga mtori ni chakula cha mama aliyejifungua. Mkiuagiza siku tano baada ya ndoa na mhudumu akatabasamu kwa mbali, msishangae, mtabasamieni. Machalari ni ndizi na nyama zikiwa bado vipande. Kiburu ni ndizi na maharage. Kisusio kiacheni, kina damu ya mbuzi ndani, na watu wakarimu wanaweza kukuletea bakuli bila kueleza. Mbege nayo mtaikuta kila kona, pombe ya ndizi mbivu na ulezi, inayotiwa ukali kwa gome la msesewe. Mkikaribishwa, sema tu "sisi hatutumii," hakuna atakayechukia. Mchagga anaheshimu mtu anayekataa waziwazi kuliko anayepokea kata akaimwaga nyuma ya mgomba.

Wa tatu kwenye orodha ni ule wa Marangu wenye bustani, mtakolala. Agiza mtori asubuhi hiyohiyo mkitoka Lushoto, kwa simu.

Hapa nabadilisha mpango wako kidogo, unisamehe. Marangu laleni usiku mmoja tu, wa Alhamisi. Ijumaa shukeni Moshi. Kwanza kuna sala ya Ijumaa, na kuzunguka msikiti mjini utapata pilau na biriani bila kuuliza maswali yangu yote ya jikoni. Pili, mlima. Watu wanadhani ukitaka kuuona Kilimanjaro unausogelea. Marangu mmekaa begani mwake, katikati ya migomba na miti, na Kibo, kilele chake, mara nyingi haonekani. Ukikaa Moshi, kwenye ghorofa ya juu, ndipo unamwona mzima, mita 5,895, kwa masharti yake mwenyewe: alfajiri na jioni, mchana anajifunika mawingu. Kwa hiyo meza ya "kuona mlima" isiwe ya saa saba mchana. Iwe ya saa kumi na moja na nusu jioni, juisi au kahawa mkononi, na hata hapo asipojitokeza msimdai mwenye mgahawa. Huo ndio wa nne, wenye meza za juu ya paa. Usiku huo kanuni yangu ya mwanzo inalegea: Moshi mjini ni tambarare, joto lipo kidogo, taa zipo, na mkilala katikati ya mji mtatembea kwa miguu kwenda kula.

Kahawa mkeo atajua kama daktari amemruhusu. Wewe inywe. Imelimwa kwenye miteremko hii tangu enzi za wamisionari wa Kilema, na KNCU, ushirika ulioundwa mwaka 1933, ulijengwa juu yake. Kama mna nafasi Ijumaa asubuhi, na gari likiwa na nguvu, Materuni juu ya Moshi wanawapa wageni kinu na mchi, mnatwanga kahawa iliyokauka, mnaikaanga kwenye chungu juu ya kuni, mnatwanga tena, mnakunywa. Wanaimba huku mnatwanga. Bwana harusi kwa kawaida anachoka wa kwanza.

Hesabu sasa. Cha jioni tenga elfu sitini kwa wawili, mara tano, ni laki tatu. Mchana wa njiani, Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, elfu ishirini na tano kila siku, ni elfu sabini na tano. Mchana wa kukaa, Jumanne, Jumatano na Ijumaa, elfu arobaini na tano kila siku, ni laki moja na thelathini na tano. Jumla laki tano na elfu kumi. Inabaki elfu tisini ya chapati, makadamia, kahawa na bahashishi. Bei ya chumba ikiwa na chakula cha jioni ndani, utarudi na chenji. Usitegemee lipa namba kila mahali, mtandao unapotea kwenye mabonde. Tembea na noti ndogo ndogo.

Na bahashishi ya mpishi mpe mpishi mkononi, siku ya pili, si ya mwisho. Nimekaa upande ule wa dirisha la jikoni, najua sahani ya siku ya tatu inavyobadilika.

Simu ya kwanza piga Lushoto kesho saa nne asubuhi. Anza na swali la kuku.